Mama amepata kiharusi: nianze na rampu au nianze na choo?

SWALI: Salaam, mtaalamu. Mama yangu ana miaka 76. Miezi mitano iliyopita alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Anatembea kwa mkongojo wa miguu minne, na siku akichoka tunamsukuma kwenye kiti cha magurudumu tulichopewa na jirani. Nimemleta kwangu hapa Bombo, Uganda. Mbele ya nyumba kuna ngazi tatu, mlango wa uani una ngazi moja, na choo ni cha shimo, kiko uani kama hatua ishirini kutoka mlangoni. Mama analala chumba kinachotazamana na sebule. Mume wangu ni Muganda, na Mama anaona haya kupita mbele ya mkwe wake usiku. Siku hizi hata chai ya jioni hataki. Kinachomuuma zaidi ni kwamba hawezi kujitawadhisha mwenyewe kwa swala. Fundi ameshauri tujenge chumba kipya chenye choo ndani na vigae, milioni 9. Mimi nina milioni 2. Anasema basi tuanze na rampu ya mbele, yaani mteremko wa simenti badala ya ngazi, ya mita mbili, mengine yafuate. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, pole kwa kuuguza. Katika maneno yako, lililonishtua zaidi ni hilo la Mama kukataa chai ya jioni. Mtu aliyepata kiharusi akijinyima maji ili asiamke usiku, mkojo wake unakolea na kumwashia, njia ya mkojo inashika maradhi kwa urahisi, tumbo linafunga, na asubuhi akisimama anaona kizunguzungu. Kizunguzungu kwa mtu mwenye mguu mmoja uliolegea ndiyo njia ya kuanguka. Kwa hiyo nyumba imeshaanza kumuumiza, na ngazi za mbele hazihusiki.

Ndiyo maana nakwambia usianze na rampu ya mbele. Anza na njia ya kutoka kitandani hadi chooni, uitengeneze mpaka Mama aweze kuipita saa nane za usiku, mvua inanyesha na umeme umekatika. Pesa itakayobaki ndiyo iende mbele ya nyumba.

Hili nimejifunza kwa uchungu. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii ya tiba-kazi, yaani kumsaidia mtu arudi kuoga, kuvaa, kupika na kutembea ndani ya kwake baada ya ugonjwa au ajali, nilimshauri mtoto wa mzee mmoja karibu na Wobulenzi ajenge rampu nzuri mbele ya nyumba. Ilijengwa, majirani wakaisifu. Mwezi haukuisha, mzee akaanguka usiku kwenye korido akielekea chooni, nyonga ikavunjika. Ile rampu alikuwa ameitumia mara mbili tu. Tangu siku hiyo sinunui mfuko wa simenti kabla sijamfuata mgonjwa kutwa nzima na usiku mmoja.

Nawe fanya hivyo. Chukua futikamba na daftari. Mwangalie Mama anapoamka: anashika nini? Kama anashika kiti cha plastiki au pazia, andika. Mguu wa kushoto unakwama wapi? Baada ya kiharusi vidole vya mguu mara nyingi huning'inia, haviinuki vizuri, basi ncha ya mkeka, waya wa televisheni na kizingiti cha sentimita tatu vyote vinakuwa mtego. Angalia pia kama anasahau upande wake wa kushoto, kwa mfano anaacha chakula cha kushoto kwenye sahani au anagonga fremu ya mlango kwa bega. Akiwa hivyo, vitu vyake viwekwe kulia, na sigiri isikae kamwe kushoto kwake, kwa kuwa mkono uliokufa ganzi unaungua bila mwenyewe kujua.

Halafu muulize Mama mwenyewe, mkiwa wawili, fundi hayupo wala mume wako hayupo. Anataka aweze nini kwanza? Umeshanipa nusu ya jibu: anataka kutawadha mwenyewe, na anataka asimpitie mkwe wake usiku. Hayo mawili ndiyo ramani yetu.

Tuanze na lile lisilo na gharama. Mhamishe Mama chumba. Heshima ya ukwe kwa Waganda, mkwe na mama mkwe kutokaribiana, unaijua kuliko mimi, na Mama ameizeeka. Hakuna rampu wala kigae kitakachomtoa chumbani saa nane za usiku ikiwa lazima apite mlangoni pa mkwe au sebuleni alipolala mgeni. Mpe chumba cha nyuma kilicho karibu na mlango wa uani, hata kama watoto watabanana kile cha mbele. Nimeona familia zikitumia mamilioni kutatua jambo ambalo kubadilishana vyumba kungelimaliza Jumamosi moja.

Ndani ya chumba hicho, kitanda kiwekwe ili Mama ashukie upande wa kulia, upande wenye nguvu. Kimo chake, pamoja na godoro, kilingane na urefu wa kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lake akiwa amevaa kandambili au viatu anavyotumia. Kwa wengi ni kama sentimita 45 hadi 50. Kikiwa chini zaidi, seremala akiinue kwa magogo yaliyotobolewa ili miguu ya kitanda iingie ndani yake. Matofali ya kupanga tu usiyakubali, yanateleza. Godoro likiwa limebonyea katikati, libadilishe au uweke ubao chini yake. Na chandarua: kichomekwe chini ya godoro upande asioshukia, na upande anaoshukia kisifike sakafuni. Nimeshaona mguu uliolegea ukijifunga ndani ya chandarua kama samaki ndani ya wavu.

Tochi haimsaidii Mama. Ana mkono mmoja tu wa kufanya kazi, na mkono huo umeshika mkongojo. Hawezi kushika tochi, wala kubeba kopo la maji, wala kufungua komeo huku akitembea. Kila kitu anachokihitaji njiani lazima kimsubiri huko aendako. Kwa mwanga, weka taa ndogo ya sola chumbani, moja juu ya mlango wa uani na moja chooni, ziwake zenyewe giza likiingia au ziwashwe na wewe magharibi. Umeme ukikatika hazitamwacha.

Mlango sasa. Milango yetu ya chuma mingi ina kizingiti cha chuma chini, sentimita tatu mpaka tano, na hapo ndipo vidole vya mguu wa kushoto vinakwama. Fundi wa kuchomelea anaweza kukikata na kuhamisha komeo la chini ili usalama usipotee. Ukiogopa maji ya mvua kuingia, kiache, ila mjenge mteremko mdogo wa simenti pande zote mbili: kizingiti cha sentimita 5 kinataka sentimita 60 kila upande. Upime pia upana. Viti vingi vya magurudumu vina upana wa sentimita 60 hadi 70, na mikono ya mtu inahitaji nafasi kidogo, kwa hiyo tafuta uwazi wa sentimita 80 au zaidi. Kama mlango wa chumba chake unakosa sentimita chache, ung'oe uweke pazia zito. Ubao wa mlango wenyewe ukiwa wazi hula sentimita nne au tano, na pazia la mlangoni kwetu si jambo geni.

Nje ya mlango wa uani kuna ile ngazi moja. Hapa ndipo rampu yako ya kwanza. Kanuni inayotumika katika nchi nyingi ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda inataka angalau sentimita 12 za urefu. Ngazi ya sentimita 15 inataka rampu ya sentimita 180, upana wa mita moja au zaidi, na ukingo ulioinuka sentimita tano au zaidi pembeni ili gurudumu au mkongojo usitoke nje. Mlangoni pawe na sehemu tambarare ya kusimama kabla ya kuteremka. Mkataze fundi kuisugua kwa niru, ile simenti laini ya kumalizia, ikang'aa. Simenti ikiwa bado mbichi, apitishe ufagio mgumu kwa kukata njia, aache mistari. Kisha imwagiwe maji siku saba kabla ya Mama kuikanyaga. Na tazama juu: kama maji ya mabati yanadondokea hapo, weka mfereji kabla ya masika, maana simenti inayolowana kila siku huota ukungu wa kijani na hakuna mkongojo unaoshika juu yake.

Zile hatua ishirini za uani ni kama mita 14. Zikiwa udongo mtupu, mvua za Machi na zile za Septemba zitazigeuza utelezi. Njia ya zege yenye upana wa mita moja na unene wa sentimita nane, juu ya marumu iliyoshindiliwa vizuri, itakula takriban mifuko 7 au 8 ya simenti. Hapo ndipo ningetumia pesa bila kusita. Pembeni mwa njia simamisha nguzo za mikaratusi na bomba la chuma la kushikilia. Kimo cha bomba ni pale kifundo cha mkono wa Mama kinapofika akiwa amesimama wima, mkono umening'inia. Mkongojo wake nao upimwe hapohapo. Bomba la inchi moja au inchi moja na robo linashikika vizuri. Liwe pande zote mbili. Mafundi huniuliza kwa nini niwapotezee bomba. Akienda, mkono wake wa kulia uko upande huu. Akirudi, uko upande ule. Ukiweka upande mmoja tu, umemsaidia kwenda, ukamwacha arudi peke yake. Acha kiasi cha sentimita 90 kati ya mabomba ili kiti cha magurudumu kipite.

Choo. Kabla ya kuongeza chochote, kagua sakafu yake. Kama ni magogo ya zamani yaliyofunikwa udongo, usijenge kiti cha matofali juu yake na usimpeleke Mama humo. Hapo utahitaji bamba jipya la zege lenye nondo. Kama bamba ni zima, bado mimi ningependelea kiti cha chuma kinachoondoleka, ili wengine nyumbani waendelee kuchuchumaa kama walivyozoea. Mpelekee fundi wa kuchomelea vipimo hivi: kimo sawa na nyuma ya goti la Mama, mikono miwili ya kushikia, miguu minne iliyotanuka kuliko kikalio, mipira miguuni, na kikalio kilichoachwa wazi kwa mbele ili maji na mkono vipite. Kile kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati, ambacho watu wengi hukimbilia, nakukatalia kabisa. Miguu yake hutanuka kwenye sakafu yenye maji, na plastiki iliyokatwa hupasuka ghafla.

Mlango wa choo ufunguke kwa nje. Mtu akianguka ndani ya choo kidogo, mwili wake hulala mlangoni, na mlango unaosukumwa ndani haufunguki bila kumuumiza. Komeo liwe la aina inayoweza kufunguliwa kwa nje. Kengele ndogo ya mkononi iwekwe kulia kwake, aifikie hata akiwa sakafuni.

Kuna jambo watu huona aibu kuliuliza, nami nitalisema kwa sababu linamhusu Mama wa Kiislamu. Mkono wake wa kujisafishia ni wa kushoto, na ndio uliolegea. Isitoshe, birika linataka mkono mmoja umimine na mwingine usafishe. Wazee wengi huacha kula vizuri kwa sababu ya jambo hili, wala hawalisemi. Weka jerikani yenye koki juu ya rafu imara upande wake wa kulia, uiunganishe na mpira mfupi, maji yajitiririkie huku mkono wa kulia ukifanya kazi. Usimwekee kibuyu chirizi cha kukanyaga kwa mguu, maana kukanyaga kunamtaka asimame kwa mguu mmoja. Kuhusu kutumia mkono wa kulia, na kuhusu kuswali akiwa amekaa kitini, mwombe shekhe wa msikiti wenu aje amwambie mwenyewe kwamba mgonjwa ana nafasi yake katika dini. Akilisikia kwa shekhe litamtuliza kuliko akilisikia kwangu au kwako.

Jerikani ya pili kama hiyo iwekwe chumbani kwake, au kwenye pembe ya uani yenye benchi, kwa ajili ya udhu. Benchi zito lenye kimo kilekile, koki mbele kidogo upande wa kulia, beseni chini, taulo begani. Mwache afanye mwenyewe hata akichukua nusu saa. Kuoga nako ni hivyo hivyo: akae, asisimame; sakafu iwe ya simenti ya ufagio yenye mteremko wa kutoa maji; sabuni iwe ndani ya soksi iliyofungwa kwenye bomba ili isimponyoke.

Mabomba ya kushikilia chooni na bafuni yanataka ulinzi wa ziada. Skrubu kwenye ukuta wa matofali ya udongo hutoka siku ya kwanza Mama atakapojivuta kwa nguvu. Bolti zipite ukuta mzima na kukazwa kwa kipande cha chuma upande wa pili, au bomba lisimame kutoka sakafuni likiwa limezikwa ndani ya zege. Kabla hujamlipa fundi, mwambie ajining'inize hapo kwa uzito wake wote.

Hata ukimaliza hayo yote, zitakuwepo usiku za mvua kubwa na za homa. Kwa siku hizo fundi atengeneze kiti cha pili kama kile cha choo, chenye ndoo ya kifuniko chini yake, kikae chumbani upande wa kulia wa kitanda. Mweleze Mama kwamba ni cha dharura na kwamba ndoo utaitoa wewe kabla nyumba haijaamka. Akijua hivyo atakunywa chai yake.

Sasa turudi mbele ya nyumba. Ngazi tatu, tuseme kila moja sentimita 17, ni sentimita 51 za kupanda. Zidisha mara 12: unahitaji rampu ya zaidi ya mita 6, na juu ya hiyo uongeze mita moja na nusu ya kusimama mlangoni. Rampu ya mita 2 aliyoisema fundi ingepanda sentimita 1 kwa kila sentimita 4. Kuisukuma ni kazi ya vijana wawili, na kuiteremka ni kumwachia Mama gari lisilo na breki, kwa sababu mkono wake wa kushoto hauwezi kuzuia gurudumu. Mkatae kwa heshima. Yeye ni fundi wa kujenga, na pengine hajawahi kuambiwa kipimo hiki.

Tena Mama anatembea. Mtu mwenye mguu wa aina hiyo mara nyingine hupanda ngazi fupi zenye bomba pande zote mbili vizuri kuliko anavyopanda mteremko. Basi kwa mbele, rekebisha ngazi zote zilingane, kila moja isizidi sentimita 15, na kina cha sentimita 30, hata zikiwa nne badala ya tatu, paka mstari mweupe kwenye ncha zake, weka mabomba mawili. Mfundisheni: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, mguu mgonjwa unatangulia. Anayemsindikiza asimame upande wa kushoto, na akishuka asimame ngazi moja chini yake. Amshike kiunoni kwa leso iliyofungwa kama mshipi. Kamwe asimvute mkono wa kushoto, bega lililolegea huteguka kwa kuvutwa, na maumivu yake hukaa miezi. Siku za kiti cha magurudumu mtampitisha uani, kwenye rampu mliyokwisha kujenga, mkizunguka hadi barazani akasalimiane na watu.

Hicho kiti cha jirani kinanitia wasiwasi kuliko kinavyokutia wewe. Kiti kipana au kirefu kupita mwili wake humlaza upande wa kushoto mpaka mgongo unapinda. Wataalamu wa tiba-kazi na wa viungo hufunzwa Mulago, Kampala, na wengi hufanya kazi katika hospitali za serikali. Omba apelekwe kwao apimwe kiti na mkongojo. Hospitali ya CoRSU kule Kisubi, barabara ya Entebbe, nayo hushughulikia viungo na vifaa vya watu wenye ulemavu. Miezi hii ya mwanzo baada ya kiharusi mwili bado unajifunza upya, kwa hiyo usingoje ujenzi uishe ndipo umpeleke.

Kuhusu msaada wa pesa, nisikupe matumaini ya bure. Ruzuku ya serikali kwa wazee, iitwayo SAGE, ilipoenezwa nchi nzima ilikuwa shilingi 25,000 kwa mwezi, na iliwekewa umri wa miaka 80. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya hapo kwenu kuna nini kwa walio chini ya hapo, na Mama aandikishwe kama mtu mwenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inawabana hasa wenye majengo ya umma. Ndani ya nyumba yako hakuna mkaguzi atakayekuja.

Na chumba cha milioni 9 kisifutwe moyoni. Siku ukikipata, kiunganishwe na chumba hicho cha nyuma alichohamia, na vigae viwe vya kukwaruza, visiwe vya kung'aa. Kwa sasa unitumie vipimo vitatu: kimo cha ngazi ya uani, upana wa mlango wa chumba cha nyuma, na urefu wa kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti la Mama. Nitakuchorea kiti cha choo umpelekee fundi wa kuchomelea. Uniambie pia alichokujibu Mama ulipomuuliza.